Washika Mitutu, risasi fupi na jina la Kariakoo

UKIKAA kijiwe cha kahawa jirani na makutano ya Mitaa ya Twiga na Jangwani siku Arsenal inacheza, utaona kitu cha kuchekesha. Mashabiki wa Washika Mitutu wapo kibao, lakini jezi nyekundu ni za kuhesabu.

Sababu haihitaji maelezo marefu. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Yanga, na nyekundu ni rangi ya watani wao wa Msimbazi. Mwananchi anayeipenda Arsenal bora atafute jezi ya ugenini, ile ya njano, ili mchana awe salama mtaani na usiku awe salama mbele ya runinga.

Jina la Washika Mitutu linatajwa kila wikiendi. Linaandikwa magazetini, linatangazwa redioni na linapigiwa kelele kwenye vibanda umiza. Ni wachache wanaojiuliza huo mtutu ni upi, ulitengenezwa wapi, na kama uliwahi kufika hapa Dar es Salaam.

Jibu lake litawashangaza wengi. Bunduki inayokuja kichwani mwa shabiki wa Bongo anaposikia jina hilo haikutengenezwa kwa Arsenal. Ilitengenezwa kwa Spurs. Ilifika Dar es Salaam kweli, na risasi zake zilibebwa vichwani na watu waliowapa Yanga na Simba jina la dabi yao.

Halafu kuna ufundi ndani yake ambao kocha yeyote angeuelewa haraka. Unafanya nini pale unapokuwa na magazini iliyotengenezwa kwa risasi ndefu, halafu unaletewa risasi fupi?

MZINGA, SI BUNDUKI

Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali kilichokuwa Woolwich, kusini-mashariki mwa London. Mwanzoni iliitwa Dial Square, jina la karakana mojawapo ya kiwanda hicho. Desemba 11 mwaka huo ikacheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Eastern Wanderers na kushinda mabao 6-0.

Jezi zake za kwanza nyekundu zilitoka Nottingham Forest. Baadhi ya wafanyakazi wa kiwandani walikuwa wamewahi kuichezea timu hiyo, wakaomba msaada, wakapewa seti ya jezi na mpira. Mpaka leo Arsenal inavaa rangi hiyo.

Sasa angalia nembo yao. Kilichopo pale ni mzinga, lile dude la magurudumu linalovutwa na farasi. Woolwich walisifika kwa mizinga na kwa kutengeneza risasi na makombora. Waingereza wanapowaita kwa jina lao la utani wanamaanisha watu wa mizinga. Kiswahili cha michezo kilipolipokea jina hilo, mzinga ukapungua ukubwa, ukawa mtutu wa kushikwa mkononi.

Hapo ndipo utani mzuri unapoanza. Bunduki ya begani, ile ya askari wa miguu wa Mwingereza, ilikuwa na kiwanda chake. Kilikuwa Enfield Lock, kaskazini mwa London, na ndiyo maana bunduki yenyewe ikaitwa Lee-Enfield.

Shabiki wa Tottenham akisoma hapa ataanza kucheka. Enfield ndiko kuliko na kituo cha mazoezi cha Spurs, walichohamia mwaka 2012. Kwa hiyo Arsenal ana mzinga wake halali, lakini mtutu wa begani ni mali ya mtaa wa jirani. Na Arsenal wenyewe walihamia kaskazini mwa London mwaka 1913, walipojenga Highbury huku Spurs wakipiga kelele kwamba wanaingiliwa kwenye himaya yao. Ugomvi huo haujaisha mpaka leo.

MAGAZINI NI BENCHI LA AKIBA

Sehemu ya kwanza ya jina la Lee-Enfield inatoka kwa James Paris Lee, mzaliwa wa Hawick, Scotland, aliyepelekwa Canada akiwa mtoto na baadaye akafanya kazi zake Marekani. Mwaka 1879 alipata hakimiliki ya kitu kilichobadilisha bunduki za dunia. Kilikuwa kisanduku cha chuma kinachokaa chini ya komeo la bunduki, ndani yake risasi zimepangwa moja juu ya nyingine. Hiyo ndiyo magazini.

Kabla ya hapo askari wengi walikuwa wanaingiza risasi moja, wanapiga, wanatoa ganda, wanaingiza nyingine. Ni sawa na timu isiyo na benchi. Mchezaji akiumia, mechi inasimama mpaka umtafute mwingine nyumbani kwake.

Magazini ilileta benchi. Chini kuna springi, juu ya springi kuna kibao kinachosukuma risasi kwenda juu. Askari anavuta komeo nyuma, ganda la zamani linaruka nje. Anapolisukuma mbele, komeo linaikamata risasi ya juu kabisa na kuipeleka kwenye chemba. Lee-Enfield ilibeba risasi 10 kwa mtindo huo, na askari aliyefuzu aliweza kuzimaliza kwa sekunde chache.

Lakini benchi hilo lina masharti. Magazini hukatwa kwa kipimo cha risasi moja tu. Urefu wa kisanduku, mteremko wa kibao na midomo miwili ya chuma inayozuia risasi isiruke nje kabla ya wakati wake, vyote vinategemea umbo la risasi hiyo.

Ukiweka risasi fupi, inapata nafasi ya kucheza mbele na nyuma. Bunduki ikipiga, mshtuko unaisogeza. Komeo likija, linaikuta imekaa vibaya, linaipita au linaigongesha ncha ukutani badala ya kuiingiza kwenye chemba. Hapo bunduki imekwama, na adui hajakwama.

Kocha analijua tatizo hili. Mfumo uliojengwa kwa straika mrefu wa kupokea krosi hauwezi kumlisha straika mfupi wa kukimbia nyuma ya mabeki. Mpira utapigwa vilevile, tena kwa ustadi, lakini utapita juu ya kichwa chake mechi nzima. Ukitaka afunge, ubadili njia ya kumfikishia mpira.

KILA BUNDUKI NA RISASI YAKE

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku mwaka 1914, jambo hilo liligeuka kuwa suala la kufa na kupona.

Upande wa Mjerumani, askari wengi wa Kiafrika walianza vita wakiwa na bunduki za muundo wa mwaka 1871, zenye risasi nene ya milimita 11 na baruti nyeusi. Kila zilipopigwa, moshi ulipanda juu na kumwonyesha adui mahali mpigaji alipojificha. Wengine walikuwa na Mauser ya kisasa, yenye risasi ya milimita 7.92 isiyo na moshi mwingi.

Upande wa Mwingereza kulikuwa na Lee-Enfield na risasi yake ya .303. Ganda lake lilikuwa na urefu wa milimita 56, na kitako chake kilikuwa na ukingo uliotokeza nje kama ukingo wa kofia. Risasi ya Mauser haikuwa na ukingo huo. Kwa macho ya haraka zote mbili ni risasi tu. Kwa bunduki, ni kama kumpa kipa viatu vya namba ya mtu mwingine na kumwambia adake penalti.

Kwa hiyo Wajerumani waliposhinda vita vya Tanga, Novemba 1914, na kuokota bunduki nyingi pamoja na maelfu ya risasi za .303, hawakuweza kuzimimina kwenye Mauser zao. Walilazimika kuchukua vyote viwili kwa pamoja, bunduki ya Mwingereza na risasi ya Mwingereza.

Mwaka uliofuata meli ya Rubens ilipenya kizuizi cha manowari za Waingereza na kuingia kwenye ghuba ya Mansa, kaskazini mwa Tanga. Ilishambuliwa na kuzama kwenye maji mafupi. Shehena yake ikaopolewa, zikiwemo risasi nyingi zilizolowa maji ya bahari. Risasi hizo zilifunguliwa, zikakaushwa na kufungwa upya ili zitumike. Ilikuwa kazi ya mikono, na kila risasi iliyoshindwa kulipuka ilikuwa hatari kwa maisha ya askari aliyeipewa.

Novemba 25, 1917, jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno pale Ngomano, Msumbiji. Liliteka bunduki za Kireno na risasi zake za milimita 6.5. Bunduki nyingi za zamani za moshi zikaachwa, kampuni zikabeba silaha mpya. Huo ulikuwa usajili wa dirisha dogo, uliofanyika katikati ya mechi kwa kuwanyang'anya wapinzani.

Mwaka mmoja kamili baadaye, Novemba 25, 1918, jeshi hilo lilisalimu amri Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, Zambia. Bunduki lililokabidhi zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Jeshi la Mjerumani lilimaliza mechi likiwa limevaa jezi za wapinzani wake wawili.

WALIOBEBA VICHWANI

Risasi haitembei yenyewe. Huku hakukuwa na barabara za magari za kutosha, na mbung'o walimaliza ng'ombe, punda na farasi. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu.

Waingereza waliandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu kutoka Afrika Mashariki na kwingineko. Wengine waliandikishwa kwa mshahara, wengi walishikwa kwa nguvu. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Walibeba unga, mahema, dawa, na masanduku ya risasi ambayo yalipaswa kufika kwenye bunduki sahihi. Sanduku likikosea njia, mtu amebeba mzigo siku kadhaa kwa kazi bure.

Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Waliokufa ni makumi ya maelfu.

Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 4, 1916. Kambi ya wapagazi ikawekwa ng'ambo ya Mnazi Mmoja, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameanza kujenga soko. Wenyeji walilitamka jina la kikosi hicho kwa ulimi wao wenyewe, likawa Kariakoo. Nairobi nako walikuwa na kambi kama hiyo, na mtaa wake mpaka leo unaitwa Kariokor.

Vita ilipoisha, soko likaendelea na jina likabaki. Yanga ikazaliwa mwaka 1935, Simba ikafuata mwaka 1936, na mtaa ukawa na mechi ambayo sasa Afrika nzima inaijua kama Dabi ya Kariakoo. Mwaka 1975 likafunguliwa soko jipya lililobuniwa na msanifu Beda Amuli. Julai 2021 liliungua, na taifa zima likashtuka kama mtu aliyeguswa moyoni.

Kila mtangazaji anaposema Dabi ya Kariakoo, analitaja jeshi la wapagazi bila kujua.

RISASI ILIPOFUPISHWA

Lee-Enfield ilipigana vita ya pili pia, na askari wa King's African Rifles kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walikwenda na bunduki za .303 mpaka Burma.

Wakati huohuo Uingereza kulikuwa na mhandisi aliyekuwa anaibadili bunduki hiyohiyo kwa namna ya ajabu. Jina lake William Godfray de Lisle. Aliichukua Lee-Enfield, akaifunga mtutu mwingine wenye kizuia sauti, na kuifanya itumie risasi ya bastola ya .45.

Risasi ya .303 ina urefu wa milimita 78 hivi kuanzia kitako hadi ncha. Ile ya bastola ina 32 tu, haifiki hata nusu. Kisanduku cha Lee kisingeweza kuishika. De Lisle hakuhangaika kukibana kisanduku kikubwa. Alitumia magazini ya bastola ya Kimarekani ya M1911, ambayo tayari ilikuwa inaijua risasi hiyo, akaitengenezea nafasi ya kukaa, na komeo likafupishwa lifanane nayo.

Bunduki yake ikawa miongoni mwa zenye sauti ndogo kuliko zote zilizowahi kutumiwa vitani, na zilitengenezwa chache tu kwa ajili ya makomando. Somo lake kwa makocha ni rahisi. Ukimsajili mchezaji wa aina mpya kabisa, wakati mwingine ni nafuu kumleta na mtu anayejua kumlisha.

Tatizo kubwa zaidi lilikuja miaka ya 1950. Nchi za NATO zilikubaliana kutumia risasi moja ya milimita 7.62. Ganda lake lina milimita 51, na risasi nzima ina 71 hivi. Ukiilinganisha na .303 ni fupi kwa milimita saba, na haina ule ukingo wa kitakoni.

Milimita saba ni unene wa penseli. Kwenye karatasi si kitu. Ndani ya magazini ni mchezaji aliyeotea kwa ncha ya kiatu, na VAR haimwachi.

Uingereza ilikuwa na Lee-Enfield nyingi ghalani, ikajaribu kuzibadili zitumie risasi mpya. Haikutosha kubadili mtutu peke yake. Magazini ilibidi iwe mpya, yenye umbo la mraba zaidi. Kichokoo kinachokamata kitako cha risasi nacho kilibadilishwa, kwa sababu sasa hakukuwa na ukingo mkubwa wa kushika. Majaribio ya awali hayakulipendeza jeshi kwa upande wa shabaha. Baadaye yakazaa L42A1, bunduki ya wadunguzi yenye mtutu mzito, iliyotengenezwa kwa kutumia bunduki za wadunguzi za Vita ya Pili. Mwaka 1982 ilikuwa mikononi mwa askari wa Uingereza kwenye vita vya Falklands.

India ilikwenda njia nyingine. Baada ya kupigana na China mwaka 1962, ilihitaji bunduki haraka. Kiwanda cha Ishapore, jirani na Calcutta, kilikuwa na uzoefu mrefu wa kutengeneza Lee-Enfield. Badala ya kufanya viraka kwenye bunduki za zamani, kilitengeneza mpya za muundo uleule, kwa chuma imara zaidi, kwa sababu risasi ya 7.62 ina msukumo mkali kuliko ya .303. Magazini yake ikabeba risasi 12 badala ya 10. Walifupisha risasi na wakaongeza benchi.

WALENGA SHABAHA NAO WAKAKWAMA

Mabadiliko hayo yaliingia hadi michezoni. Kulenga shabaha ni mchezo wa siku nyingi kwenye nchi zilizotawaliwa na Mwingereza, na ulikuwemo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka mingi kabla ya kuachwa nje Birmingham mwaka 2022.

Wachezaji wake wengi walikuwa wamekua na .303. Jeshi lilipohama, risasi za mashindano nazo zikahama kwenda 7.62. Mchezaji akabaki na bunduki anayoijua kuliko kiganja chake, lakini risasi zake hazipo tena uwanjani.

Kiwanda cha Enfield kikatoa bunduki ya mashindano iliyoitwa L39A1, yenye mtutu mpya wa 7.62. Ukiitazama chini unakuta kitu cha kushangaza. Magazini yake ni ileile ya zamani ya .303, ambayo risasi mpya haiwezi kukaa ndani yake sawasawa.

Haikuwa uzembe. Kwenye mashindano mchezaji huingiza risasi moja moja kwa mkono, analenga, anavuta pumzi, anapiga. Magazini pale ilikuwa meza tu ya kuwekea risasi kabla komeo halijaisukuma. Wadunguzi wa jeshini walihitaji kupiga risasi zinazofuatana, wakatengenezewa magazini mpya. Wanamichezo walihitaji utulivu, wakaachiwa ya zamani.

Ndiyo tofauti ya mfungaji wa penalti na straika wa mchezo wa wazi. Wote wanafunga mabao, lakini mmoja anawekewa mpira mahali pamoja na mwingine anahitaji kulishwa dakika 90.

MTAANI ASIJARIBU MTU

Bongo ina mafundi. Kariakoo na mitaa yake kuna watu wanaoweza kuchonga kipuri cha cherehani, pikipiki au pampu ambacho kiwanda chenyewe kimeshasahau kukitengeneza. Ni rahisi mtu kufikiri kwamba magazini nayo ni bati na springi tu.

Bunduki haitaki ubunifu wa namna hiyo. Risasi isiyo yake ikiingia kwenye chemba, moto na chuma vinaweza kurudi usoni kwa aliyeishika. Ndiyo maana Ishapore walibadili chuma chenyewe kabla ya kubadili risasi, na ndiyo maana viwanda vikubwa vilishindwa mara ya kwanza wakiwa na vipimo na wahandisi wote.

Hata sheria ipo. Silaha na risasi nchini zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na mara kadhaa polisi wametangaza muda wa watu kusalimisha magobore na silaha nyingine bila kushtakiwa. Anayetaka kuonyesha ufundi, viatu vya mpira vinavyong'oka soli vimejaa mtaani.

MAJINA AMBAYO HAYAPO

Ukitoka Jangwani, ukapita Mnazi Mmoja na kuingia Posta, pale Samora inapokutana na Azikiwe utaikuta Sanamu ya Askari. Amesimama na bunduki yenye singe, ameelekea bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927. Kabla yake eneo hilo lilikuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, iliyoondolewa Waingereza walipouteka mji.

Maandishi ya chini ya askari huyo yameandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na herufi za Kiarabu. Yanawakumbuka askari wa Kiafrika na yanawataja pia wapagazi. Yanawaahidi kwamba watoto wao watalikumbuka jina lao.

Lakini mpagazi hana sanamu yake pale. Wala majina yenyewe hayapo. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa popote baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wazungu waliandikwa majina kwenye mawe. Mpagazi aliyebeba sanduku la risasi za mwenye jiwe hakupata hata mstari.

Mpira una ubaya wake, lakini kwenye jambo hili umefanya kazi ambayo tume haikuifanya. Mfungaji wa bao huandikwa jina, namba ya jezi na dakika. Aliyetoa pasi naye huandikwa siku hizi. Vita ile iliandika wafungaji tu, na waliotoa pasi milioni ikawasahau.

Kilichobaki kwao ni jina moja la jumla, tena lililoharibika kidogo kwenye ulimi. Linatamkwa na kondakta wa daladala, na muuza vitambaa, na mtangazaji anayepasua koo dakika ya 90. Mara ijayo Wananchi na Mnyama watakapoingia uwanjani na sauti ikasema Dabi ya Kariakoo, shabiki wa Jangwani na wa Msimbazi wajue wanaitwa kwa jina la watu waliobeba risasi ndefu na fupi vichwani mwao, wengi wao bila hata bunduki moja ya kuzitumia.